Nyumba ya kasisi wa enzi ya Victoria: ni nini hasa kinachohifadhiwa?

Sheria ya Uingereza ina jambo moja linalowashangaza wengi. Kanisa la Anglikana likitaka kuhamisha mabenchi au kufungua mlango mpya katika jengo la ibada lililo kwenye orodha ya urithi, haliombi kibali cha jengo la urithi halmashauri. Lina taratibu zake za kidayosisi, na serikali imeziachia kazi hiyo. Lakini kasisi wa kanisa hilohilo akitaka kung'oa dirisha la zamani katika nyumba anamolala, ng'ambo tu ya uzio, na nyumba hiyo nayo imo kwenye orodha, ataomba kibali halmashauri kama mwenye duka au mwenye baa. Kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1990 inayosimamia majengo ya urithi kinasema wazi kwamba nyumba inayotumiwa na mhudumu wa dini kama makazi ya kufanyia kazi za wadhifa wake haihesabiwi kuwa jengo la kanisa.

Kisheria, basi, nyumba ya kasisi ni nyumba ya mtu. Kihistoria imekuwa nyumba ya mtu na ofisi ya umma kwa pamoja, na utata wote wa kuithamini unaanzia hapo. Katika vitongoji vya miji ya Uingereza zimesimama nyumba nyingi za aina hii, za matofali ya kuchoma, paa zenye mwinuko mkali, dohani ndefu. Ukizitazama kwa macho ya wakala wa nyumba utaona vyumba vingi na bustani kubwa. Mtu wa urithi anapaswa kuona zaidi ya hayo, na makala hii inajaribu kueleza ni yapi.

Kwa nini zilijengwa

Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Aliposhika kiti, Kanisa la Anglikana lilikuwa na aibu ya siku nyingi: makasisi wasiokaa na waumini wao. Kasisi mmoja aliweza kushikilia parokia mbili tatu, akala mapato ya zote, akaishi kwenye ile yenye hewa nzuri na kumwajiri kasisi msaidizi kwa ujira mdogo azihudumie zilizobaki. Udhuru uliozoeleka ulikuwa kwamba nyumba ya parokia ni mbovu au haipo kabisa. Mwaka 1838 Bunge lilipitisha sheria ya kuibana tabia hiyo. Kasisi alitakiwa akae, na ili akae sharti awe na pa kukaa.

Fedha zilipatikana kwa njia ambayo leo inawafaa sana wanahistoria. Tangu 1704 ulikuwepo mfuko ulioitwa Queen Anne's Bounty, ulioanzishwa kuinua vipato vya makasisi maskini, na tangu 1776 sheria ilimruhusu kasisi kukopa kwa kuweka rehani mapato ya parokia ili ajenge au atengeneze nyumba. Deni liliifuata parokia, si mtu. Kasisi akiondoka, aliyemrithi aliendelea kulipa. Kwa kuwa mkopo wa namna hii ulimfunga mtu ambaye pengine bado alikuwa shuleni, wakubwa wa kanisa walitaka kuona ramani na makadirio ya gharama kabla ya kutoa ruhusa. Makaratasi hayo mengi yamebaki katika nyaraka za dayosisi. Nyumba ya kawaida ya mfanyabiashara wa wakati ule haina kumbukumbu kama hizo: fundi alijenga, akauza, mchoro ukatupwa. Kwa nyumba ya kasisi mara nyingi unaweza kujua nani aliichora na mchoraji alikiita nini kila chumba.

Kulikuwa pia na suala la uchakavu, ambalo kwa kweli lilikuwa la kikatili. Kasisi akihama alidaiwa gharama za kurudisha nyumba katika hali nzuri. Akifa, walidaiwa warithi wake, na mara nyingi hao walikuwa mjane na watoto. Sheria ya mwaka 1871 iliweka utaratibu wa wakaguzi wa dayosisi kupima deni hilo. Hebu fikiria mama aliyemzika mumewe majuzi, anafungasha vitu kwa sababu nyumba si yake tena, na huku mkaguzi anapita chumba hadi chumba na daftari, akihesabu vigae vilivyopasuka. Taarifa za wakaguzi hao leo ni hazina kwa mtafiti. Kwa mjane hazikuwa na uzuri wowote.

Vitongoji navyo vina kisa chake. Reli zilipofika, watu wenye uwezo walianza kuishi mbali na moshi wa kati ya mji, na wafanyakazi wakajazana kwenye mitaa mipya karibu na viwanda. Sheria ya mwaka 1843 iliruhusu parokia mpya kuundwa hata kabla ya kanisa kujengwa, na hesabu ya waabudu iliyofanywa Jumapili moja ya Machi 1851 ikaonyesha kwamba watu wengi mno, hasa mijini, hawakuingia kanisani kabisa. Viongozi walishtuka. Wengi walifikia jibu lilelile: mpeleke kasisi akaishi katikati yao, mlango wake ujulikane.

Parokia hizo mpya zilikuwa tofauti na za vijijini kwa jambo moja la fedha. Kijijini kulikuwa na fungu la kumi: kasisi wa ngazi ya rekta alipata fungu kubwa la nafaka na nyasi kavu, na vika akapata fungu dogo la vitu kama matunda na wanyama wadogo. Kitongoji kipya hakikuwa na cha kutozwa. Kasisi wake aliitwa kwa cheo cha chini zaidi, na ni sheria ya mwaka 1868 iliyowaruhusu wengi wao kuitwa vika. Nyumba nyingi za vitongojini zenye jina la kifahari la vika hazikuwahi kuona hata debe moja la fungu la kumi.

Boyn Hill

Mfano ninaoupenda uko Boyn Hill, pembezoni mwa Maidenhead, mji wa kando ya mto Thames magharibi mwa London uliofikiwa na reli mwaka 1838. Kanisa la Watakatifu Wote lilianza kujengwa 1854 na kuwekwa wakfu 1857. Gharama zilibebwa na wanawake watatu walioishi jirani, na mchoraji alikuwa George Edmund Street, aliyekuwa mbunifu wa dayosisi ya Oxford. Huyu ndiye aliyekuja kuchora jengo la Mahakama Kuu pale Strand, London, lililofunguliwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Huko Boyn Hill, Street hakupewa kazi ya kanisa peke yake. Alichora kanisa, nyumba ya kasisi na shule kwa mpigo mmoja, kama mji mdogo unaojitegemea. Matofali ni mekundu, yamekatwa kwa mistari ya matofali meusi na mawe meupe, ladha aliyorudi nayo kutoka safari ya kaskazini mwa Italia mwaka 1853. Cha kutazama ni jinsi nyenzo zilezile zinavyotoka kanisani na kuingia kwenye nyumba na shule. Kanisani zinapiga kelele, nyumbani zinasema kwa sauti ya chini. Mtu aliyepita barabarani alielewa bila kuambiwa kwamba anayelala humu ndiye anayehubiri pale na kukagua watoto kule.

Mpango huo ulibeba ujumbe wa dini. Street na waliomlipa walikuwa upande wa vuguvugu lililoanza Oxford mwaka 1833, la Waanglikana waliotaka kurudisha ibada za kila siku, heshima kubwa kwa sakramenti na hata maungamo mbele ya kasisi. Kasisi wa kwanza wa Boyn Hill, William Gresley, alikuwa mwandishi maarufu wa mrengo huo. Alihamia hapo 1857 kabla kanisa wala nyumba havijakamilika, akakaa hadi kifo chake mwaka 1876. Mwaka 1858 parokia ikaingia magazetini: kasisi msaidizi, Richard Temple West, alishtakiwa kwamba alimuuliza mwanamke maskini maswali yasiyofaa wakati wa maungamo. Tume iliundwa, ikasikiliza, ikaona hakuna msingi wa kumpeleka mbele zaidi. Kwa Waingereza wengi wa wakati huo, kasisi kuzungumza faraghani na mke wa mtu lilikuwa jambo la kutisha, na hofu hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na ramani za nyumba hizi, kama tutakavyoona.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulijua vuguvugu hili. Dayosisi ya Oxford, iliyojumuisha Boyn Hill, ilikuwa chini ya Askofu Samuel Wilberforce, mmoja wa wasemaji wakubwa wa misheni ya vyuo vikuu iliyozaliwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Misheni hiyo ndiyo iliyofika Zanzibar 1864 na Askofu Tozer na Edward Steere, na baadaye kujenga kanisa kuu la Mkunazini. Fikra ya kanisa, shule na makazi ya wahudumu kukaa pamoja ilisafiri na watu haohao.

Ramani inasema nini

Ingia sasa ndani, katika nyumba ya kawaida ya aina hii. Mlango wa mbele unafungukia ukumbi mdogo, na chumba cha kwanza kabisa, hatua chache kutoka mlangoni, ni chumba cha kazi cha kasisi. Hapo ndipo alipokuja kijana anayetaka kuoa, mama mwenye mtoto wa kubatizwa, mzee anayeomba barua ya kupata msaada. Katika baadhi ya nyumba chumba hicho kina mlango wake wa nje, ili mgeni asikanyage zulia la familia. Sebule iko mbali zaidi, imegeukia bustani na jua la kusini. Jiko liko upande wa kaskazini pamoja na ngazi ya watumishi, na juu ya mlango wake kuna safu ya kengele zenye majina ya vyumba. Kisha kuna geti dogo katika ukuta wa bustani linalotokea uwanja wa kanisa, na njia iliyolimika kwa nyayo za mtu mmoja kwenda na kurudi kila asubuhi na jioni.

Kila mstari wa ramani hiyo ni jibu la swali la kijamii. Nani anaingia wapi? Maskini atasubiri akiwa amesimama au ameketi? Mwanamke akiwa na kasisi faraghani, nani atamwona akiingia na kutoka? Chumba cha kazi kilichowekwa karibu na mlango kilimlinda mgeni na kumlinda kasisi pia. Na mke wa kasisi, ambaye hakulipwa hata senti, aliendesha kutoka kwenye chumba cha kulia kazi ya nusu ya parokia: madarasa ya Jumapili, vikundi vya kina mama, nguo za maskini. Kazi hiyo haionekani kwenye bamba lolote la shaba kanisani. Inaonekana kwenye ramani ya nyumba, ukijua kuisoma.

Namna hiyo ya kupanga ilikuwa na athari nje ya kanisa. Mbunifu Augustus Pugin alikuwa amefundisha miaka ya 1840 kwamba jengo lisiwe na kitu kisichohitajika kwa matumizi au ujenzi wake. Mbunifu mwenzake William Butterfield alilitekeleza hilo katika nyumba ya kasisi aliyoijenga Coalpit Heath, karibu na Bristol, mwaka 1844 na 1845: dirisha linakuwa kubwa pale chumba kinapohitaji mwanga na dogo pale kisipohitaji, dohani inasimama moto ulipo, na uso wa nyumba hauna haja ya kulingana kushoto na kulia. Street akaifuata njia hiyo. Mwaka 1854 alimwajiri kijana aitwaye Philip Webb, na mwaka 1856 akampokea mwanafunzi William Morris, aliyekuja kuwa msanii maarufu wa mapambo, ambaye hakumaliza hata mwaka. Wawili hao walikutana ofisini mwa Street. Mwaka 1859 Webb alimchorea Morris nyumba ya Red House huko Bexleyheath, ya matofali mekundu, paa kali na matao yaliyochongoka, na wataalamu wa historia ya usanifu wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba imezaliwa na nyumba za makasisi za Butterfield na Street.

Mnyororo unaendelea. Nafasi ya Webb katika ofisi ya Street ilichukuliwa na mbunifu Norman Shaw, ambaye tangu 1877 alichora nyumba za Bedford Park, kitongoji cha magharibi mwa London chenye kanisa lake lililowekwa wakfu 1880. Kitongoji hicho kikawa kielelezo cha vitongoji vingi vilivyofuata. Kwa hiyo tunapozungumzia nyumba ya kasisi, tunazungumzia mojawapo ya maabara za nyumba ya kisasa ya Kiingereza. Mteja hakuwa tajiri wa kutaka nguzo na sanamu, wala maskini wa kukubali kibanda. Mbunifu kijana alipata nafasi ya kujaribu uaminifu wa matofali.

Thamani inapimwaje

Orodha ya kitaifa ya majengo ya urithi ilipata nguvu kwa sheria ya mipango miji ya mwaka 1947. Ina madaraja matatu: la I, la II yenye nyota, na la II, ambalo lina zaidi ya tisa ya kumi ya majengo yote. Kanisa la Boyn Hill liko daraja la I. Majengo yaliyojengwa kati ya 1700 na 1850 na kubaki na sura yake huingia kwa urahisi, lakini baada ya 1850 yamebaki mengi mno, kwa hiyo uchaguzi unakuwa mkali. Hapo nyumba ya kasisi ya enzi ya Victoria inajikuta mahali pagumu. Kuwa ya zamani tu hakutoshi.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2008 na taasisi ya urithi ya nchi hiyo ulipanga thamani katika makundi manne: ushahidi wa maisha ya zamani, historia ya watu na matukio, uzuri, na maana ya mahali kwa jamii. Kwa maoni yangu, watu hukimbilia la pili na la tatu kwa sababu ndiyo rahisi kuandikia: alikaa hapa fulani, tazama dohani hii. Nyumba ya kasisi nguvu yake kubwa iko katika la kwanza na la nne. Iliyobaki na chumba cha kazi mahali pake, ngazi mbili, kengele na geti la kanisani ina ushahidi ambao nyumba nzuri zaidi iliyofumuliwa ndani haina. Na jamii ina kumbukumbu zake pale: watu waliokwenda kupanga harusi au kuomba mazishi, wengine wakiwa si waumini wa kuhudhuria.

Kuna dhana mbili za kisheria zinazosaidia. Moja ni thamani ya kundi: jengo la kawaida linaweza kuorodheshwa kwa sababu linakamilisha mengine, kama nyumba inavyokamilisha kanisa na shule. Nyingine inahusu vilivyomo katika kiwanja. Kitu kilichojengwa kabla ya tarehe 1 Julai 1948 katika eneo linalohesabiwa kuwa la jengo lililoorodheshwa kinalindwa pamoja nalo. Ukuta wa bustani, zizi la farasi na lile geti dogo vinaweza kuwa ndani ya ulinzi bila kutajwa popote, jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua baada ya kuleta mafundi.

Ulinzi huu ulichelewa. Hadi katikati ya karne ya 20, usanifu wa enzi ya Victoria ulichekwa kuwa mzito na wa kujionyesha. Victorian Society, chama cha kuutetea, kiliundwa 1958, na hata hivyo tao kubwa la stesheni ya reli ya Euston, London, likabomolewa miaka mitatu baadaye. Bedford Park iliokolewa na wakazi wake walioanzisha chama mwaka 1963. Mwaka 1967 nyumba 356 ziliorodheshwa kwa mkupuo.

Wakati huohuo Kanisa lenyewe lilikuwa likiziuza nyumba hizi, na ni vigumu kulilaumu moja kwa moja. Nyumba iliyojengwa kwa familia ya watoto wanane na watumishi watatu inakula makaa ya kutisha, na kasisi wa karne ya 20 hakuwa na watumishi. Dayosisi zikajenga nyumba ndogo za kisasa zenye gereji na chumba cha kazi karibu na mlango, maana kanuni hiyo haikufa, na zile kubwa zikanunuliwa na mawakili na watu wa benki. Wahifadhi husema nyumba imeokolewa. Matofali yameokolewa, ndiyo. Lakini chumba cha kazi kimekuwa chumba cha televisheni na geti limezibwa kwa ajili ya faragha, na hakuna orodha inayoweza kumlazimisha mtu afungue mlango kwa anayeomba msaada. Sheria ya urithi inalinda kitu. Matumizi inayaachia soko.

Ndiyo sababu mtathmini mzuri hupigania vitu vidogo. Akikuta ombi la kubadilisha nyumba kuwa fleti, ataruhusu bafu jipya ghorofani na umeme mpya, lakini atakaza kwenye mpangilio wa ukumbi na chumba cha kazi, ngazi ya nyuma, na geti la ukuta upande wa kanisa. Kanisa nalo lina njia yake ya kukumbuka. Dayosisi nyingi zinapouza huweka sharti katika hati: mnunuzi haruhusiwi kuiita nyumba hiyo nyumba ya vika au ya rekta, ili watu wenye shida wasigonge mlango usio sahihi. Anachoruhusiwa ni kuongeza neno "ya zamani" mbele ya jina, na mawakala wa nyumba wanajua vizuri kwamba neno hilo linapandisha bei.